Sauti Isiyo na Wimbi

Upatu mkubwa wa marehemu mume wangu, Karsono, ulianguka wakati wa kukarabati paa la ukumbi, ukapasuka ukingoni. Kwetu upatu uliopasuka hautundikwi ukutani kama picha. Hurudishwa motoni, shaba yake izaliwe tena. Mwanangu Prapto, mhunzi kama baba yake, akachagua Ijumaa Kliwon, siku tukufu katika kalenda yetu ya Kijava.

Mjukuu wangu Wening, anayesomea uhandisi mjini Solo, akawahi kuja. Alitaka jambo moja tu: upatu uende, sauti ya babu yake ibaki. Akaupiga picha ndani na nje, hata mgongo ukamuuma. Kompyuta ikauchora kwa pembetatu ndogondogo zilizoshikana kama magamba ya samaki, na ule ufa akauziba humo humo. Nilikuwa nachambua maharage aliponieleza kwamba kompyuta ikijua kila pembetatu inavyotikisika, itaupiga upatu bila nyundo.

"Ila zingine mbaya, Bibi. Tazama hizi, nyembamba kama miiba. Zinavuruga hesabu yote."

"Ziko wapi?"

"Penye alama za nyundo."

"Mume wetu alikuwa mkaidi tangu zamani," nikamwambia. "Utamweza, mke mwenzangu?"

Akacheka. "Huyu? Nitamnyoosha."

Akaiamuru kompyuta isogeze kila ncha ya pembetatu ikae katikati ya jirani zake, tena na tena. Pembetatu zikanenepa, zikalingana. Palipokuwa pekundu kwenye kioo pakageuka kijani. Kompyuta yake kuukuu ilikuwa imejaa, basi akahifadhi kazi hiyo juu ya ile ya kwanza, na picha akazifuta.

Ijumaa tukaweka sadaka ya maua na wali wa manjano. Karakana yetu huwa giza hata mchana, rangi ya moto ionekane vizuri. Prapto akauvunja upatu kwa nyundo, na kila kipande kililia kabla ya kunyamaza. Kile cha kitovuni, alipozoea Karsono kupasugua kwa kiganja, nilikishika kidogo, ndipo nikampa.

Jumapili Wening akatuita tusikilize. Sauti ikatoka nene, safi, ikaenda moja kwa moja hadi ikaisha.

"Nzuri," Prapto akasema.

Wening akaipiga tena, akainamisha kichwa. Sauti ya Karsono ilikuwa na wimbi, ikienda na kurudi kama kifua cha mtu aliyelala. Wimbi hilo Karsono alilitafuta kwa nyundo alipoufua upatu, upande huu gonga moja, upande ule mbili, mpaka chai yangu ikapoa.

"Haihemi," Wening akasema.

Akakaa chini. "Zile ncha zilitakiwa ziteleze juu ya ngozi ya upatu tu, zisiiache. Au ningeongeza nyingine penye alama. Mimi nimeziachia zikalainisha kila kitu, hata alama za nyundo. Bibi, nimempiga pasi mume wetu."

"Na zile picha?" Prapto akauliza.

"Nilifuta, Baba."

Prapto akatazama mikono yake. Mimi nikammiminia mtoto chai, nikamtilia sukari aipendavyo. Hakuinywa.

Upatu mpya sasa uko ukumbini. Una wimbi la Prapto, la harakaharaka, kama mtu mwenye shughuli. Wening akija likizo huniwekea ile sauti ya kompyuta nikimwomba. Tunaisikiliza, na kila inapofika pale Karsono alipokuwa akivuta pumzi, mtoto hunishika mkono, nayo sauti hupita tu.