Kamera ya Mpishi

Nimepika harusi thelathini na moja za ukoo wetu, na katika picha zote za harusi hizo nimo kwenye moja tu. Ni harusi ya Rehani, mtoto wa mdogo wangu. Ukiitazama vizuri, kushoto, nyuma ya keki, utaona kiwiko. Hicho kiwiko ndio mimi, Mwaisha binti Abeid, mkazi wa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, umri miaka hamsini na tisa.

Mpiga picha akija kuwapanga watu, mimi huwa nageuza pilau. Akishaondoka ndipo mtu anakumbuka: "Jamani, dada Mwaisha yuko wapi?" Yuko jikoni. Atakuwa wapi tena, Ulaya?

Basi mwaka huu nikaapa kwamba kabla sijatimiza sitini nitakuwa na picha moja ya maana, mimi peke yangu, mzima, nimevaa nguo isiyonuka moshi. Na nitaipiga mwenyewe, maana kumsubiri mtu anikumbuke nimeshajaribu miaka arobaini. Mdogo wangu Hatibu, msemaji wa ukoo, anayekaa Kinole na migomba yake, nilipomweleza kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. "Kamera ya nini, dada? Si una simu?"

Simu ninayo, asante. Kamera yake ya mbele inanipa pua ya kujaza kioo kizima, halafu inanipaka weupe ambao mama yangu hakunizaa nao.

Nikaenda mjini kwa Wilfred, mwenye studio ya picha za pasipoti, anayeuza pia kamera zilizotumika.

"Shikamoo mama. Unamnunulia mtoto wa chuo?"

"Marahaba. Najinunulia mimi."

Akanitazama kama nimeulizia bei ya treni. Kisha, kwa heshima zote, akateremsha dude jeusi lenye lenzi ndefu kama mchi. "Hii ndiyo ya kitaalamu. Mtu yuko juu mlimani kule, wewe uko hapa, unamwona mpaka vifungo vya shati."

Nikamwambia sina mtu ninayemchunguza vifungo. Ninayetaka kumpiga atakuwa hatua tatu mbele ya kamera, na ni mimi.

"Sasa mama, kama unayepigwa ni wewe, kamera atashika nani?"

Swali zuri sana. Na kazi hiyo anaifanya mwaka wa kumi na mbili.

Bahati yake nilikuwa nimeshinda wiki mbili naangalia video mtandaoni, kwa hiyo nikamfundisha biashara yake. Nataka kamera ndogo, nyepesi, ambayo kioo cha nyuma kinageuka kunitazama, nijione kabla haijapiga. Nataka taima ya sekunde kumi, maana goti langu la kulia haliharakishwi. Nataka itafute uso yenyewe na kuulenga, kwa kuwa mimi kulenga sijui. Na stendi ya miguu mitatu. Hizo megapikseli anazonihesabia awawekee wanaotengeneza mabango ya barabarani. Mimi nitatosha kwenye fremu ya ukutani.

Akatoa tatu. Ya kwanza kioo hakigeuki kabisa. Ya pili kinageukia chini, ukiifunga kwenye stendi, stendi inakiziba. Aliyeibuni ni wazi hajawahi kukosa mtu wa kumpiga picha. Ya tatu kinafunguka pembeni kama mlango wa kabati. Nikajiona. Nikarekebisha mtandio, nikasema funga hiyo.

Siku tatu nilijifunza uani kwangu. Nilipiga paji la uso, nilipiga ukuta, nilipiga mgongo wangu nikiwahi kukaa. Jogoo wa Maimuna, jirani yangu na binti wa mama yangu mdogo, alipita mbele ya kamera mara moja tu akatoka vizuri kuliko mimi.

Jumamosi asubuhi mawingu yakapanda, mlima ukaonekana wote. Nikavaa gauni langu la zambarau la Idi, nikaweka kiti, nikabonyeza, nikatembea bila haraka, nikakaa. Picha ikatoka. Nimetulia, mikono mapajani, macho yanatazama mbele, Uluguru nyuma yangu. Nilikuwa nimegusa kitufe gani sijui, imetoka nyeusi na nyeupe, zambarau yangu yote imepotea. Lakini nilikuwa mzuri. Nasema wazi, nilikuwa mzuri, na machozi yalinilengalenga.

Nikaihamishia kwenye simu kama nilivyoona kwenye video, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, watu mia na nne. Sikuandika neno. Niandike nini, huyu ni mimi? Simu ikazima hapo hapo, chaji imekwisha, na umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Sikujali. Nikaswali adhuhuri, nikafunga mlango kwa komeo, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi yake.

Nikaamshwa na kilio. Kilikuwa uani kwangu, kilio cha wanawake wengi, na nilichowaza ni kwamba Maimuna amefariki. Nikajifunga khanga, nikatoka mbio kwenda kuwafariji wafiwa.

Maimuna ndiye aliyekuwa anaongoza kilio. Mikeka imetandikwa, wanaume wanafunga turubai, kuni zimeshushwa, mtu amefika na gunia la mchele wa Dakawa. Aliponiona alitoa mlio nisioweza kuuandika, akakaa chini.

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Kwenye kundi letu mtu mzima haonekani peke yake, ametulia, nyeusi na nyeupe, bila maneno, isipokuwa amefariki. Walio hai huonekana kumi kumi na keki. Kwamba imetumwa kutoka simu yangu mwenyewe hakuna aliyejiuliza. Wote mia na tatu walinipigia, simu imezimwa. Ushahidi gani tena walitaka? Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani, na hakuna aliyethubutu kuugonga. Walikuwa wanamsubiri Hatibu aje auvunje.

Walinikumbatia, walicheka, walinigombeza. Maimuna akanipa pawabenki yake, simu ikawaka, nikakaa mkekani kusoma msiba wangu. Inna lillahi zilikuwa sitini na tatu. Nilizisoma zote, sina haya. Kisha ujumbe wa Rehani: "Jamani hili ni pigo. Sasa nani atapika?"

Kuanzia hapo waliandika ujumbe mia na kumi. Mmoja alisema bila dada Mwaisha wali utakuwa uji. Mmoja akauliza kama kuna aliyewahi kuandika vipimo vyangu vya viungo. Mwingine, Mungu amjalie, alitaka harusi ya mwezi wa kumi iahirishwe. Nilitafuta mtu aliyesema lolote kuhusu picha yenyewe. Nikarudi juu, nikashuka tena. Hakuna. Iliniuma.

Maimuna akanisogelea na sufuria kubwa, lile langu, akashusha sauti. "Dada, watu wametoka mbali, wana njaa. Sasa maadamu upo..."

"Mimi ni marehemu," nikamwambia. "Mafiga yale pale."

Wakapika. Wali uliungua upande mmoja, upande wa pili ukabaki na kiini. Niliupokea kwenye sahani kama mgeni, nikaula polepole, na hakuna aliyethubutu kuniuliza ukoje.

Jioni ndipo Hatibu alifika kwa bodaboda, matope mpaka magotini, macho mekundu. Ndugu walikuwa wameshampigia akiwa njiani kumwambia mimi ni mzima. Alikaa mkekani kando yangu, akatoa simu yake, akaifungua ile picha, akaitazama, akanitazama mimi, akarudi kwenye picha.

"Dada," akasema, "umezeeka lini?"

"Nikiwa jikoni kwenu."

Hatibu alichukua sahani kutoka mkononi mwangu, akauliza maji yako wapi, akaenda kuiosha.