Tonge la Mama Argatu

Mama Argatu akila, tonge la kwanza haliingii kinywani mwake. Huliviringisha kwa vidole, kipande cha injera, ule mkate wetu mwembamba wa chachu, na mchuzi wa dengu wa shiro ndani yake, kisha hulitia mdomoni mwa mtu anayemthamini kuliko wote walioketi. Kwa miaka, mdomo huo ulikuwa wa Dangiso, mtunza bustani yake hapa Hawasa. Alikuwa akiufungua hata kabla Mama hajanawa.

Kisha akaja Tsigereda, mtaalamu wa kufuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yale yale. Akajenga tangi, akatandaza kokoto badala ya udongo. Uchafu wa samaki ukapanda na maji hadi kwenye mizizi, mboga zikala, maji yakarudi tangini safi. Saladi zikanona, Dangiso akawa anazitazama kama mke mwenza.

Na tonge likahama.

"Wivu utakupasua, kaka," nilimwambia, mimi kijana wa jirani niliyezoea sinia la Mama.

"Wivu wa nini? Shavu tu linaniuma. Halijatumika siku nyingi."

Kwaresima ikaingia, Hawasa nzima ikaacha nyama, kila sufuria ikawa inaulizia samaki. Ndipo Tsigereda akaitwa Addis Ababa. Akamwachia Dangiso tangi.

"Konzi moja ya chakula chao asubuhi, konzi moja jioni. Wakikukodolea macho, usiwahurumie."

Dangiso hakuwahurumia, aliwatongoza. Akawamwagia injera zilizolala, sahani baada ya sahani, huku akiwaita wanangu. Asubuhi moja samaki wote wakawa juu ya maji, midomo wazi.

"Mama! Njoo uone! Wananisalimu! Huyo mtaalamu wako wamewahi kumfanyia hivi?"

Mama akacheka, nami nikampigia makofi.

Tsigereda akatokea langoni, begi begani. Kwetu salamu ni safari: wa nyumbani, ng'ombe, mvua, mpaka jirani wa jirani. Yeye alilitupa begi akakimbilia tangi.

"Hata salamu, dada?" Dangiso akamsuta.

"Salamu gani! Hawa wanatafuta pumzi! Umewalisha nini?"

"Injera kidogo..."

"Imeozea humo, maji yamekuwa sumu. Leteni ndoo!"

Tukachota maji mabovu, tukamwaga ya kisimani kutoka juu ya ngazi ili yaingie na hewa. Dangiso ndiye aliyepanda ngazi, akashuka, akapanda tena na ndoo nyingine. "Jamani, msife," alikuwa akiwabembeleza. "Msinitie aibu mbele ya huyu." Baadhi walikufa hata hivyo. Wengi walizama taratibu, wakaanza kuogelea kama samaki wenye akili zao.

Jioni tukazunguka sinia. Mama akaviringisha tonge, na Dangiso akafumba macho. Likaenda kwa Tsigereda.

Tsigereda akalitafuna, akameza. Kisha akaviringisha lake, kubwa kama ngumi.

"Dangiso. Fungua mdomo."

Akafungua, machozi yakimlengalenga. Hajameza, likaja la pili, maana kwetu tonge moja huleta ugomvi. Likaja na la tatu.

"Ukishiba sema," Tsigereda akamwambia. "Samaki wangu hawakuweza."

Angesemaje, na mashavu yote mawili yako kazini?

Tangu hapo humsikii tena Dangiso akilitaja tonge la Mama. Ila mimi nikikaa karibu na Tsigereda kwenye sinia, kiwiko cha Dangiso kinanifika ubavuni.

"Kijana, kwenu hawapiki?"