Skrubu Nne za Mwisho wa Ramadhani

Nasima alikuwa fundi wa spoila, yale mabawa ambayo vijana hupachika nyuma ya magari yao ili yaonekane yana haraka hata yakiwa yameegeshwa. Kazi hiyo aliirithi kwa mumewe, Saif, aliyefanya kazi ya faiba, nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa gundi ya resini, kwa miaka kumi na tisa katika kibanda cha mabati ukingoni mwa mtaa wa Ziwani, mpaka vumbi la msasa likamkaa kifuani, akawa hawezi kupanda ngazi tatu bila kusimama. Daktari alimkataza kusogelea resini. Basi mkewe akajifunga leso puani, akashika brashi. Wateja wa kwanza walicheka. Walipoona mabawa yake hayana mapovu wala mawimbi, wakaacha kucheka, wakaanza kumwita mathe, yaani mama.

Miaka sita ya faiba si mchezo. Nyuzi zake huingia ngozini bila kuonekana, na Nasima alikuwa akijikuna viwiko hata akiwa kwenye swala. Siku hizi alilala saa nane nzima na kuamka amechoka vilevile, kana kwamba usingizi aliulalia mtu mwingine.

Lililomfika lilianza siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, mwezi ukitarajiwa kuandama jioni. Alikuwa amefunga, ameshapachika mabawa matatu wiki hiyo, na nyumbani unga wa mahamri ulikuwa unamngoja. Saa tisa na nusu alasiri akaingia Zaid na gari lake la buluu, kijana wa mtaa wa Umoja aliyekuwa na duka la simu mjini.

"Mathe, leo lazima itoke na spoila," alisema kabla hata ya salamu kukamilika. "Kesho ni Idi. Maboyz wote wanatoka na magari."

Bawa lake lilikuwa tayari ukutani, limepakwa buluu ambayo Nasima aliichanganya mara tatu mpaka ikalingana na ya gari. Lakini alipogonga buti, mfuniko wa nyuma wa gari, kwa kifundo cha kidole, halikulia kama bati. Lililia kama ukuta wa udongo.

"Buti hili limezibwa mashimo kwa puti," alisema. "Chini kuna kutu. Linataka bolti za kupenya mpaka ndani, na kipande cha chuma cha kuzishika. Sina hapa, na duka la vyuma limefungwa. Njoo Jumatatu."

"Jumatatu Idi itakuwa imeisha, mathe. Weka tu. Itashika."

Nasima alijua halitashika. Alilijua hilo kama anavyojua mlango wa nyumba yake. Lakini kubishana kulitaka mate, na kinywa chake kilikuwa kikavu tangu alfajiri. Akachukua skrubu nne fupi, akapaka gundi, akakaza, akasukuma bawa kwa kiganja. Halikutikisika. Zaid akapiga picha, akaondoka akipiga honi, na Nasima akafunga kibanda akaenda kukanda unga.

Wiki tatu baadaye Wasike, mzee aliyekusanya vyuma chakavu kwa mkokoteni, alisimama mlangoni na bawa lililovunjika ncha.

"Mama Hikma, hii si unaweza kuitengeneza ukamuuzia mtu mwingine?" aliuliza, akimwita Nasima kwa jina la bintiye.

Nasima hakuhitaji kuligeuza. Buluu ile aliitambua kutoka alipokuwa ameketi. Alipoligeuza akakuta skrubu zake nne bado zimo, kila moja imeng'ata kipande cha puti na kutu.

"Umeitoa wapi, mzee?"

"Barabara ya Outer Ring, pale Umoja. Ilitoka kwa gari ikiwa mbio, ikampiga mama wa mandazi. Imemvunja mkono. Gari halikusimama."

Jioni ile alimweleza mumewe. Saif alikuwa ameketi kizingitini, mahali alipopapenda kwa sababu ya hewa. Alilipokea bawa, akalipapasa kwa chini.

"Nani alipiga skrubu hizi?"

"Mimi."

Saif alizipitishia kidole, moja baada ya nyingine.

"Hakuna anayejua ni kazi yako," alisema mwishowe.

"Mimi najua."

"Basi nenda kwa huyo mama. Lakini usimwambie kwamba mumeo ni mgonjwa. Usimwambie ulikuwa umefunga. Mimi na saumu hatukushika bisibisi."

Nasima alikuwa amekwisha kupanga kuyasema yote mawili.

Kesho yake akaenda Umoja. Alimkuta yule mama wa mandazi, Truphena, nyuma ya meza yake ya mbao kando ya barabara, mwanamke mnene wa umri wake, mkono wa kulia umefungwa plasta kuanzia vidoleni mpaka kiwikoni. Jiko lilikuwa baridi. Ndani ya sanduku la kioo mlikuwa na mandazi machache yaliyonywea.

"Hizo si zangu," Truphena alisema alipomwona anayaangalia. "Nachukua kwa mwenzangu. Hazivimbi, lakini nitafanya aje?"

"Dada, mimi naitwa Nasima. Lile bawa la gari lililokupiga, mimi ndiye fundi niliyeliweka."

Truphena alimtazama, kisha akatazama barabara, kisha akamrudia.

"Na ulijua itatoka?"

"Nilijua halikushika vizuri. Niligonga buti, nikasikia limeoza."

"Ukamwachilia aende."

"Nikamwachilia."

"Sasa umekuja kuniambia ndio mimi nifanye nini?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui." Truphena alivuta pumzi, akaishusha. "Mama, kukasirika kunataka nguvu. Nguvu yangu ya leo imeisha asubuhi, nikivaa nguo kwa mkono mmoja."

Wakakaa hivyo, mmoja amesimama mwingine ameketi. Mteja akaja, akanunua mandazi mawili, akaenda. Ndipo Truphena akauliza:

"Unajua kukanda?"

"Nakanda."

"Basi kuja kesho saa kumi na moja. Unga niko nayo."

Nasima akaja. Akaja na siku iliyofuata, na iliyofuata. Alfajiri akikanda na kukaanga Umoja huku Truphena akimwelekeza kutoka kwenye kigoda, saa tatu akirudi Ziwani kukwangua faiba mpaka alasiri. Hawakuzungumza mengi. Siku ya kwanza alitia iliki kama alivyozoea kwao.

"Mama, punguza hiyo kitu," Truphena alisema akitafuna. "Watu wa hapa hawataki mandazi zinukie harusi."

Siku ya nne wateja wakauliza iliki imeenda wapi. Truphena akakunja uso, akamwambia airudishe, kidogo.

Katika wiki ya tatu Zaid alikuja kibandani. Buti la gari lake lilikuwa na mashimo manne yaliyofunikwa kwa selotepu.

"Mathe, ile ilitoka. Nataka ingine, kubwa kiasi."

"Ilitokea wapi?"

"Outer Ring. Nilifika keja, kwangu, ndio nikaona haiko."

"Ilimvunja mama mmoja mkono, Zaid."

Kijana alishika funguo zake, akazigeuzageuza. "Niliskia mlio," alisema polepole. "Nilidhani ni jiwe." Kisha, "Alikufa?"

"Yuko hai. Ninamkandia unga kila asubuhi. Twende nikupeleke ukamwone. Ukitoka huko, nitakutafutia buti zima, nikupigie bolti zinazostahili."

"Nikienda watanishika."

"Mimi nimekwenda, sijashikwa."

"Wewe ni mathe. Mimi watanichomea gari."

Nasima alitaka kumwambia mengi, juu ya ule mlio aliouita jiwe, na juu yake mwenyewe aliyesukuma bawa kwa kiganja akajidanganya limeshika. Mgongo ulikuwa unamuuma tangu alfajiri. Akasema tu, "Basi kwangu hupati bawa." Zaid akaondoka bila kupiga honi.

Siku kumi baadaye, Nasima akigeuza mandazi mafutani, gari la buluu lilipita. Nyuma lilibeba bawa refu kuliko la kwanza, limesimama juu ya miguu miwili kama kitanda cha kamba. Alilifuata kwa macho mpaka likapotea.

"Ni yeye?" Truphena aliuliza.

"Ni yeye. Lakini lile si langu."

"Hebu geuza hizo, zinaungua."

Plasta ilitolewa mwishoni mwa wiki ya saba. Nasima alifika alfajiri akamkuta Truphena amesimama mbele ya karai la unga, mkono wa kulia umekonda na kupauka kama wa mtu mwingine. Alikuwa anajaribu kukanda. Kidole kidogo na kile kinachofuata havikukunjika. Vilibaki vimenyooka, unga ukipita katikati.

"Daktari anasema vitarudi," Nasima alianza.

"Daktari anakanda?" Truphena aligeuka, na sauti ambayo hakuwahi kuitoa wiki zote zile ikatoka. "Wewe ulijua! Uligonga hiyo gari ukajua imeoza, ukaweka tu! Miaka ishirini na mbili mimi nakanda kwa huu mkono. Nimesomesha mtoto wangu Jacklyne na huu mkono! Enda! Enda kwenu, sitaki kukuona hapa!"

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wa unga, uso ukawa mweupe. Watu wa stendi wakageuka kutazama. Nasima alivua aproni, akaikunja, akaiweka mezani, akatembea mpaka Ziwani kwa miguu, maana hakutaka kukaa karibu na mtu ndani ya matatu.

Saif alimtazama anaingia mapema, akamsogezea kigoda.

"Amekasirika," Nasima alisema.

"Ni haki yake."

"Nilikuwa nimeanza kudhani ameshanisamehe."

"Alikuwa hajapata nafasi ya kukasirika," Saif alisema, kikohozi kikamkata, wakangoja kipite.

Siku ile Nasima hakufungua kibanda. Alilala mchana kutwa, bila hata kuvua leso kichwani.

Kesho yake saa kumi alfajiri akaamka. Alikaa ukingoni mwa kitanda akijiuliza kama kwenda ni adabu au ni ukaidi. Akavaa viatu akaenda.

Truphena alikuwa tayari ameketi kwenye kigoda. Unga ulikuwa ndani ya karai, mkavu, haujatiwa maji. Aproni ilikuwa palepale alipoiacha Nasima. Truphena akaivuta aproni kwa vidole vyake vitatu, akamtupia.

"Leo tia sukari kiasi," alisema, bila kumtazama. "Jana nilikanda mimi, wakalalamika hazina sukari."

Nasima akafunga kamba za aproni, akakunja mikono ya gauni, akamimina maji.