Viboko Vitatu vya Triglav

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Ya Ciril Pretnar ilikuwa na miaka thelathini na minne, na asubuhi hiyo ya Oktoba ilikuwa bado inapanda mlima.

Ciril alikuwa fundi wa majiko ya vigae. Mbele yake ukunguni alitembea mkewe, Pavla, akichechemea kidogo. Goti la Pavla lilikuwa limepangiwa kupasuliwa mwezi uliofuata, na daktari alishamwambia kwamba baada ya hapo milima ataitazama dirishani. Siku aliyoambiwa hivyo, aliporudi kutoka hospitali, alivua koti, akamimina kahawa na kusema, "Basi utanipeleka Triglav, mzee. Na utanichapa kwa mkono wako mwenyewe."

Ciril akapaliwa na kahawa.

Maana kwao mtu hajawa Mslovenia kamili mpaka asimame juu ya Triglav, mlima mrefu kuliko yote nchini mwao. Afikaye mara ya kwanza huinama kando ya kimnara cha bati kilichosimama kileleni, akachapwa makalioni viboko vitatu vya kamba. Anayechapa sharti naye awe alishachapwa. Na Ciril hakuwahi kuchapwa, kwa sababu hakuwahi kufika.

Alijaribu mara moja, kabla ya kuoa, Jumapili moja ya Agosti. Akafika kwenye ukingo mwembamba chini ya kilele, akaona shimo kushoto na shimo kulia, akageuka, akarudi. Jioni yake alikwenda kwa kina Pavla. Baba wa binti akamuuliza, "Umefika?" Pavla alikuwa amesimama mlangoni na sinia la keki ya jozi, anamtazama. "Nimefika," akasema Ciril. Neno hilo moja likazaa mengine, upepo wa kule juu, uchungu wa ile kamba, na mwisho wake likawa na wajukuu.

Walikuwa wameanza kabla ya mapambazuko, taa vichwani, kwa kuwa nyumba za kulala wapandaji zilikwisha kufungwa kwa majira ya baridi na safari yote ilikuwa ya kwenda na kurudi. Sasa kulikucha, lakini kulikucha kwa namna ya ajabu, bila jua, weupe mtupu. Misonobari ya kule, ile inayogeuka dhahabu kabla ya kupukutika, ilijitokeza mmoja mmoja kutoka kwenye ukungu, ikasimama kidogo, ikazama tena. Ciril alihisi kama anatembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Mara alimwona Pavla wa miaka ishirini mbele yake, na msuko wake mgongoni. Mara akamwona huyu wa leo na fimbo zake mbili. Hakujua yupi anamwogopa zaidi.

"Umenyamaza," akasema Pavla bila kugeuka.

"Napumua."

"Pumua polepole, basi. Hewa haiishi."

Saa nne walikaa juu ya jiwe wakala mkate na soseji. Miti ilikuwa imebaki chini, na huku juu kulikuwa na mawe tu na theluji changa kwenye mianya. Pavla alilikanda goti akicheka peke yake.

"Unacheka nini, mama?"

"Namkumbuka Slavko. Safari hii atakosa la kusema."

Slavko alikuwa jirani yao. Kila Jumapili, tangu waoane, alipokuja kunywa supu alimtania Pavla: "Shemeji, wewe bado mgeni hapa nchini! Muulize mumeo njia!" Meza nzima ilicheka. Pavla alicheka nao, akamwongezea supu. Ciril yeye aliinamia sahani yake. Alikuwa ameziinamia sahani nyingi mno.

Adhuhuri wakafika kwenye mwamba wenyewe. Vyuma vilikuwa vimepigiliwa ukutani, na waya mnene ukapanda ukapotelea juu kwenye weupe. Ciril akatangulia. Alipanda bila kutazama chini, na chini penyewe hapakuwapo, ukungu ulikuwa umepafuta. Kisha wakafika ukingoni, mahali palepale, na ukungu ukapasuka. Shimo kushoto, shimo kulia, na mawingu yamelala huko chini meupe na tulivu. Akaushika waya kwa mikono yote miwili, na hakuweza kwenda mbele wala nyuma.

"Mzee," sauti ya Pavla ikaja nyuma yake, taratibu. "Tazama mkono wako tu. Hatua nane hivi, halafu kuna mahali papana pa kukaa. Twende."

Akazihesabu. Ya nane ikamfikisha kwenye jiwe bapa, akakaa akimshukuru Mungu na mkewe. Hakujiuliza Pavla alijuaje.

Wakatoka juu saa saba. Hapakuwa na mtu. Kimnara cha bati kiling'aa juani, kidogo kuliko alivyokieleza kwa miaka yote ile, na dunia nzima iliyobaki ilikuwa wingu. Sauti zilikuwa zimekwisha. Ciril alijiona mwepesi, kama mtu aliyeamka akakuta ndoto bado ipo chumbani.

Pavla akaweka fimbo chini, akatoa kipande cha kamba mkobani, akampa. Kisha akaegemea mnara na kuinama.

"Haya. Nichape, nami niwe mtu."

Ciril akainua kamba. Tazama sasa: alikuwa amefika. Uongo wake ulikuwa umegeuka kweli saa hiyo hiyo, na hakuna kiumbe chini ya jua ambaye angejua. Kilichobaki ni kushusha mkono mara tatu, washuke nyumbani. Mkono haukushuka.

"Pavla. Siwezi kukuchapa."

"Goti ndilo bovu, mzee. Huko nyuma kuzima."

"Sijawahi kufika hapa. Ile Jumapili niliishia pale ukingoni. Nilimdanganya baba yako, nikakudanganya wewe. Nimekudanganya maisha yetu yote."

Pavla akajinyoosha polepole. Alimtazama hata Ciril akatamani wingu lipande liwafunike. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe kamba. Inama."

"Lakini anayechapa sharti awe..."

"Nilichapwa hapa hapa," akasema Pavla, "wiki mbili baada ya ile Jumapili yako. Nilikuja na binamu yangu Zofka ili nilione jina lako kwenye kitabu cha wageni, kile ambamo kila anayefika kileleni huandika jina lake. Nilikuwa nalipenda jina lako. Nikapekua kurasa zote, halikuwamo."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nimefika, wangeniuliza kama nimeliona jina lako. Nikasema sijapanda kamwe. Nikangoja uniambie mwenyewe. Inama, mzee."

Ciril akainama, shavu kwenye bati la baridi.

"Cha kwanza ni cha Triglav," akasema Pavla, akampiga. "Cha pili ni cha Slavko na supu zake zote." Hicho kiliuma.

Cha tatu hakikuja. Ciril alingoja akiyatazama mawingu, kisha akageuza kichwa. Pavla alikuwa amesimama na kamba mkononi, machozi yanamchuruzika hadi kidevuni.

"Nilidhani nitakufa hujaniambia," akasema.

"Malizia, mama," akasema Ciril.

Akamalizia kwa nguvu zake zote.