Dakika Nne za Kila Siku

Mdogo wangu anaijua anga kuliko mtu yeyote katika jengo letu, ila hakujua kilichokuwa hatua nane kutoka kwenye antena yake mwenyewe. Mimi nilijua. Funguo za paa ninazo mimi.

Nieleze kazi kwanza, maana watu wakisikia setilaiti wanatoa macho kama wameambiwa habari za majini. Juu ya paa la kituo chetu cha utafiti, ghorofa ya nne, kuna antena, kitu cheupe cha mviringo, kikubwa kama kifuniko cha sufuria. Waya wake unashuka mpaka chumba cha chini, kwenye kipokezi. Kipokezi kinasikiliza setilaiti zilezile zinazoionyesha simu yako njia ya kwenda hospitali. Kila setilaiti inatuma mawimbi mawili kwa pamoja, lakini huko juu kabisa kuna tabaka la hewa iliyochomwa na jua, wanaliita ionosfea, na tabaka hilo linachelewesha wimbi moja kuliko jingine. Ukipima tofauti unajua tabaka limenenepa au limekonda. Basi, kazi yenyewe ndiyo hiyo. Mimi niliijua kwa kufagia chumba hicho miaka kumi na minne huku nikiwasikiliza wasomi wakibishana, na wakibishana wasomi husema yote.

Mdogo wangu huyu wa kike, tunayemwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho, alijifunza darasani. Baba alipofariki, Mama alituita jikoni akasema mmoja ataendelea na shule, mwingine ataingia kazini. Hata hajamaliza kusema, macho yake yalishatua kwa Kitinda. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwetu, lakini hilo hakuna aliyeliuliza. Jioni nilimfundisha Kitinda hesabu kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba chetu. Akikosea, namchapa vidole kwa rula, halafu namweleza upya taratibu mpaka aelewe. Kumchapa nilikufurahia. Kumweleza pia nilikufurahia, sisemi uongo.

Mwaka jana akaja kwenye kituo chetu kufanya utafiti wa shahada ya uzamivu. Alitakiwa kupima siku sabini mfululizo. Msimamizi wake tunamwita Bwana Nitaangalia, kwa sababu kila ukimpelekea jambo anasema nitaangalia, na hajawahi kuangalia kitu.

Siku moja kabla Kitinda hajaanza, mafundi bomba walipandisha paani tangi jipya la chuma, la zamani la plastiki lilikuwa limepasuka. Wakaniuliza waliweke wapi. Nilikuwa nakula, nikaonyesha kwa kijiko. Wakaliweka pale kijiko kilipoelekea, hatua nane kutoka kwenye antena. Hapo sikuwa na nia mbaya, nilikuwa na njaa tu.

Kila kituo kina daftari lake. Chochote kinachobadilika karibu na antena kinaandikwa humo na tarehe yake, iwe ngazi, iwe tawi la mti, iwe kunguru aliyejenga kiota. Anayepima anatakiwa apande mwenyewe akaone kabla ya kusaini. Lakini Kitinda anaogopa ngazi ya chuma tangu utotoni, na tangu utotoni mimi ndiye ninayepanda kwa niaba yake.

Akaja asubuhi na Bwana Nitaangalia pamoja na wageni wawili wa chuo kingine. Amevaa koti jeupe, kalamu mfukoni. Akanitazama kana kwamba tumekutana jana.

"Fundi, huko juu kuna chuma chochote karibu na antena?"

Fundi. Jumapili ya kabla yake tulikuwa tumekula meza moja kwa Mama, akiniita kaka kila baada ya tonge. Hata hivyo nilifungua mdomo nimwambie habari ya tangi. Ningemwambia, na yote haya yasingekuwepo. Ila alishawageukia wageni, akawaambia kwa kicheko, "Huyu anatusaidia usafi na funguo. Mitambo tumemkataza kugusa."

"Hakuna," nikasema.

Akaandika kwenye daftari: Fundi amethibitisha, hakuna chuma ndani ya mita ishirini. Akasaini.

Wimbi lilianza siku ya kwanza, saa kumi kamili alasiri. Mstari kwenye skrini ulitetemeka, ukapanda, ukashuka, ukatulia. Siku ya pili ukatetemeka saa tisa na dakika hamsini na sita. Siku ya tatu, hamsini na mbili. Mimi nilikuwa nadeki, nikawa naandika dakika hizo kwa penseli ukutani, nyuma ya kabati. Siku ya tisa ilipotimia, saa tisa na dakika ishirini na nane, nilikaa chini juu ya ndoo yangu nikacheka mpaka machozi.

Kwa sababu jua lina saa yake, na kinacholetwa na jua huja kwa saa ya jua. Lakini setilaiti hizi haziendi na jua. Kila moja hurudi pale ilipokuwa jana dakika nne kabla ya siku kutimia. Kwa hiyo kitu kinachowahi dakika nne kila siku, bila kukosa, hakitoki angani. Ni setilaiti inapita mahali palepale, mawimbi yake yanagonga kitu kilichosimama palepale, yanadunda na kuingia kwenye antena kwa njia ya pili. Kitinda alikuwa anapima tangi la maji.

Mchana huohuo akashuka mbio, ameng'aa uso mzima. Hatukuwa na wageni.

"Kaka, njoo uone. Kuna wimbi, kila siku, na linawahi kidogo kidogo. Linahama na majira. Hakuna aliyewahi kuliandika."

Nikamuuliza, "Una uhakika ni la angani?"

Akanipigapiga bega. "Kaka, haya mambo ni mazito. Siku nikipata nafasi nitakuelezea kwa lugha nyepesi."

Nilimjibu kwamba nitashukuru. Na kuanzia siku ile nililitunza lile tangi kuliko watu wanavyotunza magari yao. Nililifuta vumbi. Siku ya thelathini mafundi bomba walirudi, wakasema limekaa vibaya, walisogeze upande wa pili. Nikawaambia likisogezwa hata kidogo wajue hawatapanda tena kwenye paa langu. Walishangaa ukali wangu wakaondoka.

Jumapili kwa Mama wimbi ndilo lililokuwa habari. Mama haelewi chochote kuhusu anga, lakini aliuliza habari zake kama mtu anayeulizia mimba. "Limefika saa ngapi wiki hii?" Kitinda anamwambia. Mama ananigeukia, "Na wewe umeliona, mwanangu?" Nami nasema, nimeliona, Mama, halijawahi kuchelewa. Mama anafurahi. Ninamwongezea Kitinda mchuzi. Nilikuwa na raha ambayo sikuwahi kuipata tangu tuitwe jikoni, na sitaomba radhi kwa kuisema.

Siku sabini zikaisha, wimbi limehama kutoka saa kumi alasiri mpaka saa tano na ushee asubuhi. Kitinda akaandika tasnifu kurasa mia mbili na kumi. Bwana Nitaangalia akasaini.

Siku ya kuitetea, ukumbi ulijaa. Mama alikaa mstari wa mbele na gauni lake la harusi za watu. Mimi niliwekwa nyuma, karibu na swichi, nizime taa picha zikianza. Mkoba wa Mama nilikuwa nao mapajani, kwa kuwa hakutaka uonekane umechakaa. Kitinda alizungumza dakika arobaini, na lazima niseme alizungumza vizuri. Watu walitikisa vichwa kwa kukubali. Kisha ikafika zamu ya mtahini wa nje, mama mmoja mfupi, mtu mzima, mwenye sauti ya kukwaruza.

"Binti, wimbi lako linawahi dakika ngapi kwa siku?"

"Kama nne, mama."

"Kama nne, au nne?"

Kitinda akatazama grafu yake. Nilimwona anahesabu. Vidole vyake vilijikunja vile vile alivyokuwa akivikunja akiiona rula.

"Nne," akasema.

"Na antena yako imezungukwa na nini?"

Akafungua daftari la kituo, akasoma alichoandika. Mtahini akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimepanda mwenyewe leo asubuhi," akasema, na mlango wa paa nilimfungulia mimi. "Kuna tangi la chuma. Hatua nane. Nimezihesabu."

Bwana Nitaangalia aliinamia karatasi zake, na nadhani kwa mara ya kwanza maishani aliangalia. Kitinda akanigeukia. Mimi nilikuwa nimejiandaa miezi mingi kwa dakika ile. Atanilaumu, nami nitasema sikuelewa swali lake, mimi mtu wa ndoo na funguo, mitambo nilikatazwa. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, na alistahili kila moja.

Hakunilaumu.

"Naomba fundi wetu asilaumiwe," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti aliishika. "Ni kaka yangu. Aliacha shule ili mimi nisome. Asingeweza kujua tangi na setilaiti vinahusiana nini. Yangepita kichwani mwake hivi hivi. Kosa ni langu, ningepanda mwenyewe."

Alisema kwa upendo, na upendo wenyewe ndio ulionikata maini. Watu wakanigeukia kwa huruma. Mtahini naye, na ile sauti yake, akanitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa. Ningenyamaza, nikatikisa kichwa kwa unyonge, ningetoka pale salama mpaka kufa kwangu. Nililijua hilo nilipokuwa nasimama.

"Si wimbi," nikasema. "Ni mwangwi wa tangi."

Nikatembea mpaka mbele, mkoba wa Mama kwapani. Nikachukua kalamu ya ubaoni. Nikachora antena, nikachora tangi, nikachora njia ya setilaiti na mstari unaodunda. Nikawaonyesha kwa nini jua linarudi kwa saa yake na setilaiti inawahi. Nikawaambia saa na dakika za siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya tisa, bila karatasi. Nilieleza taratibu, kama nilivyoeleza nyuma ya mlango, na hakuna aliyekohoa. Mtahini aliandika. Nilikuwa na furaha kubwa sana.

Nilipoweka kalamu chini, mtu mmoja akapiga makofi. Alikuwa Mama. Alikuwa hajaelewa hata neno, ila ameona wasomi wamemsikiliza mwanawe.

"Huyu naye ni wangu," alimwambia jirani yake kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. "Wote wawili ni wangu."

Mtahini akavua miwani. "Maelezo safi kabisa. Uligundua lini?"

Makofi ya Mama yalikuwa bado masikioni mwangu. Ningesema leo, au jana.

"Siku ya tisa," nikasema.

Kitinda alinitazama. Kisha akalitazama daftari mkononi mwake, ile sahihi yake na lile neno fundi, akalifunga.

Tasnifu ilikataliwa kabla ya saa sita. Tulitoka, tukasimama kwenye korido wote watatu, watu wanapita wanatupisha mbali. Mama alikuwa bado anatabasamu, ila tabasamu limeanza kumchoka. Akatutazama mmoja mmoja.

"Mbona mmenuna? Siku ya tisa ndiyo nini?"

Kitinda akajifuta uso kwa mkono wa koti, akamketisha Mama kwenye benchi, akachuchumaa mbele yake. Akaanza kumweleza. Hakutumia neno hata moja gumu. Akamwambia tangi ni nini, antena ni nini, swali lilikuwa nini na jibu lilikuwa nini, na kuanzia siku ya tisa mpaka leo ni siku ngapi. Mama alipokwama, alirudia upya taratibu. Ndivyo nilivyomfundisha.

Mama alielewa. Hakunitukana wala hakulia. Akanyoosha mkono bila kunitazama, nimpe mkoba wake.