Maneno Matano ya Kocha Strake

Ulikuwepo, na ukageuza uso. Usijitie kushangaa. Ulikaa upande wa kivuli kwenye majukwaa ya shule ya Sainte-Odile, pakiti ya bisi mapajani, na Rozell Fontenot alipomaliza kusema ukainama kutafuta miguuni kitu ambacho hakikudondoka. Watu wa mji huu tuna shingo nyepesi. Likija la kushangilia tunazinyoosha, likija la aibu zinapinda zenyewe. Basi kaa ulisikie tena, safari hii kutoka kwenye mzizi, na hakuna bendi itakayokuokoa.

Rozell unamjua. Mjukuu wa mkata miwa, mtoto wa Bi Odessa aliyefundisha hesabu katika shule hiyo hiyo. Kabla hajawa jitu la kuziba mlango alikuwa mtoto mwenye akili za kutisha. Mama yake alikuwa akikaanga samaki huku anamtajia namba, naye anazijumlisha kabla mafuta hayajaacha kulia. Siku moja kocha Wendell Strake akamwona anashusha magunia ya mchele dukani, gunia kila bega, hata hahemi.

"Huyo ni wangu," akasema Strake.

Wangu. Babu yake Rozell alilijua neno hilo. Lilikuwa likisemwa pale pale, mashambani, na watu wenye kofia kama ile ya Strake.

Strake akamweka kwenye ukuta, ule mstari wa mbele wa mpira wa Kimarekani. Kazi ya mtu wa ukuta haina nyimbo. Mrushaji anarusha mpira, anapigiwa makofi. Wewe unayesimama mbele yake unagongana helmeti kwa helmeti na mtu mwenye uzito wa ndama, kila mchezo unapoanza, ili mrushaji asiguswe mgongoni. Ukifaulu hakuna anayekutaja. Ukikosea mara moja, nchi nzima inalijua jina lako. Rozell hakukosea. Strake akapanda naye ngazi: shule, chuo kikuu, mwisho timu ya kulipwa kule kaskazini kwenye theluji, mwalimu na mwanafunzi wake, na magazeti yakaandika kwamba ni baba na mwana. Magazeti hupenda baba wa namna hiyo.

Sasa sikiliza jambo la kambini, maana hapa ndipo kisu kilipoingia.

Kila kiangazi, kabla helmeti hazijagusana, daktari wa timu alimwita mchezaji mmoja mmoja chumbani. Anakutajia maneno matano, anakupigisha soga kidogo, kisha anakwambia uyarudie. Anakutajia namba, uziseme kinyumenyume. Anakuonyesha mchoro, anauficha, unachora. Hicho ndicho kipimo cha akili yako ikiwa nzima. Ukija kugongwa kichwa msimu ukiendelea, unapimwa tena. Ukiwa umeshuka, unakaa benchi mpaka upone. Mpango mzuri, kwa aliyeutunga.

Strake aliwapanga watu wake wa ukuta kwenye korido nje ya mlango wa daktari, akapita akiwapiga mabega.

"Maneno matano!" anaita.

"Moja sema, mbili kosea, yaliyobaki cheka!"

"Kengele ikilia?"

"Mimi ni yule yule!"

Kisha mmoja mmoja wanaingia na kujifanya mabwege. Umeelewa? Kengele ni kichwa kikigongwa. Ukijifanya mjinga ukiwa mzima, siku ubongo ukitikisika hakuna atakayeona tofauti. Unarudi uwanjani. Na mtu wa ukuta anayekaa benchi huwa anakuta mahali pake pamekaliwa. Kwa hiyo walifanya wote, tena kwa kicheko. Percy Lemoine, aliyecheza katikati, waliyemwita Kabati, alikuwa anatoka chumbani anajisifu: "Nimemwambia daktari mbuzi ni aina ya gari. Kaandika!" Rozell alikuwa fundi kuliko wote, kwa kuwa mtu mwenye akili ndiye anayejua ujinga unakaaje usoni.

Akaja kugongwa. Mechi ya Desemba, goti la mtu likampata sikioni, akaamka anaona warushaji wawili na hajui amlinde yupi. Wakampima. Akayakosa maneno, safari hii kwa dhati, na daktari akatazama, akasema ni yule yule. Wakati huo hata jina la mji aliokuwamo lilikuwa limemtoka. Strake akamvisha helmeti kwa mikono yake mwenyewe. "Nenda, mwanangu." Akaenda. Alikwenda hivyo misimu na misimu, na pete ya ubingwa akapata, na ipo, imelala kwenye kikombe cha chai kwa sababu vidole vimevimba haiingii.

Leo Rozell hajafika hata uzee wa kusahau. Anaendesha gari kwenda kununua mkate anajikuta kando ya mfereji, injini inanguruma, hajui alikuwa anakwenda wapi. Amewahi kumwita binti yake "dada" siku nzima. Ukutani mwa korido ya kwenda chumbani mna tundu la ngumi, na mkewe Earline amelitundikia kalenda ya kanisa.

Walipokwenda kwa madaktari wa ligi kudai fidia, yule mkubwa wao alitabasamu kwa huruma. "Bwana Fontenot, tumeangalia vipimo vyako vyote tangu ujana. Hujapoteza kitu. Ulikuwa hivi hivi tangu mwanzo."

Mtoto wa Bi Odessa. Hivi hivi tangu mwanzo.

Earline akamshika mkono, wakatoka. Garini Rozell akasema, "Nitasahau mengi, Earline. Hilo la Strake usiniache nilisahau."

Strake naye amesharudi Sainte-Odile, mstaafu, ana kambi ya kiangazi ya vijana, na mji unamsujudia. Rozell alimkuta duka la pembejeo akamwuliza uso kwa uso. Strake akacheka, akamshika kiwiko kama anavyoshikwa kipofu.

"Kile kilikuwa kichekesho cha korido, mwanangu. Na ukisema, nani atakuamini? Juzi si ulipotea kwenye mtaa wako mwenyewe?"

Watu wa foleni walisikia. Wengine walicheka, kwa heshima.

Ndipo bodi ya shule ikapendekeza uwanja mpya uitwe Uwanja wa Wendell Strake. Sherehe Jumamosi mchana, kura ya bodi ya kuidhinisha Jumanne. Wakamwomba Rozell, mtoto maarufu wa mji, amkaribishe kocha jukwaani. Mwalimu mkuu, Bi Hymel, alimletea kikaratasi chenye sentensi mbili za shukrani, herufi kubwa. "Ukichoka, baba, we punga mkono tu. Watu watafurahi."

Rozell akapokea. Earline akamsindikiza mama wa watu hadi getini kwa adabu zote, akarudi akafunga mlango.

"Tunafanya nini?"

"Tunafanya mazoezi," akasema Rozell.

Wakafanya kila asubuhi, juu ya uji wa mahindi na siagi. Earline anamkatiza kwa makusudi: anaangusha kijiko, anawasha redio, anamwuliza kama amelisha mbwa, kisha anamrudisha. "Jukwaani unasema nini?" Siku nyingine alijua. Siku nyingine alimtazama mkewe kwa macho ya mgeni aliyebisha nyumba siyo, na Earline anageukia sinki, anaosha chungu kilicho safi. Kabati alikuja siku moja na soseji za wali za kula wote.

"Shemeji, mumeo akisahau, mimi nitasema."

"Wewe, Kabati? Wewe uliyesema mbuzi ni gari?"

"Kwetu mbuzi ni gari! Hujamwona mjomba Alcide anavyompanda?"

Wakacheka mpaka Rozell akapiga meza. Kicheko kikakatika.

"Yeye ndiye kanichukulia kichwa," akasema. "Basi mimi ndiye nitakayesema. Mkinisaidia kabla sijaanguka, siwasamehe."

Jumamosi ikafika, na wewe ukafika. Bendi ya shule imepangwa, kibao kipya cha jina kimefunikwa shuka la buluu, wale wazee wa ukuta walioalikwa wameketi viti vya mbele na mafulana yao ya zamani yakikaba matumbo. Vijana wa timu walikuwa majukwaa ya nyuma. Strake ndani ya suti nyeupe. Rozell akapanda. Akakishika kipaza sauti. Akatazama uwanja, majani, mistari meupe, na Earline pale chini akaona yale macho ya mgeni yakija.

 Bi Hymel akaanza kumpungia, apunge mkono ashuke. Strake akainuka, mwema kabisa, akamshika kiwiko.

Kiwiko kile kile. Usimdharau mwenye kovu. Kovu lina kumbukumbu yake. Rozell akageuka, akamwona mtu aliyemshika, na kila kitu kikarudi mahali pake kama mfupa uliokuwa umeteguka. Hakusoma kikaratasi. Hakueleza, maana maelezo yangemponyoka. Aliita tu, kwa sauti ya korido:

"Maneno matano!"

"Moja sema, mbili kosea, yaliyobaki cheka!" Kabati na wenzake, wote, kwa pamoja. Hawakuwa wamepanga. Walifundishwa vizuri mno. Na mkono wa Strake, mkono wenyewe, ukampiga Rozell begani, na mdomo wake ukawa unaitikia pamoja nao, anatabasamu, mzee katika wimbo wake, mbele ya kipaza sauti kilicho wazi.

"Kengele ikilia?"

"MIMI NI YULE YULE!"

Hapo tabasamu la Strake likabaki usoni bila mwenyewe. Ameshasikia mdomo wake mwenyewe. Rozell akamtazama machoni kwa karibu, akaona kile alichokisubiri tangu Desemba ile: hofu. Ilikuwa tamu kuliko ile pete.

"Waambie, kocha," akasema taratibu. "Waambie nilizaliwa hivi."

Lakini utamu haukukaa, na wewe unajua kwa nini, maana ulisikia. Jibu lile la mwisho halikutoka kwa wazee peke yao. Wazee wa viti vya mbele hawana sauti ya kutikisa bati. Lilitoka nyuma. Lilitoka kwa vijana wa timu, wale wa kambi ya kiangazi, wote kwa mpigo mmoja, kama watu waliokwisha kulisema mara nyingi.

Verna Arceneaux, mama wa mmoja wao, akasimama na mkoba wake. "Nani kawafundisha hilo?"  Vijana wakamtazama Strake. "Nauliza, nani kawafundisha watoto hilo?"

Bi Hymel akampa ishara mkuu wa bendi, ngoma zikalia, matarumbeta yakaruka. Na wewe ukainama kutafuta kitu miguuni.

Nyumbani, Earline alimvua Rozell viatu. Jasho lilikuwa limekauka shatini.

"Nilisema?"

"Ulisema, mume wangu."

"Aliogopa?"

"Tabasamu lilimganda usoni."

Rozell akafumba macho, akaridhika. Kisha akayafumbua. "Na wale watoto, Earline. Wale watoto niliwasikia kweli, au ni kichwa changu?"

"Uliwasikia."

"Basi bado hatujamlipa," akasema, na kabla ya chakula kuiva akauliza tena kama alisema. Earline akamjibu upya. Anamjibu mpaka leo. Rozell amefanya yake: ameikamata hasira kwa meno, na akili yote nyingine ikimwagika, akaifikisha pale ilipotakiwa. Hawezi kuibeba zaidi ya hapo.

Kibao bado kimefunikwa. Kura ni Jumanne, saa kumi na mbili jioni, ukumbi wa shule, na Strake ameshaanza kupita nyumba kwa nyumba akisema maskini Rozell amechanganyikiwa. Anategemea shingo yako. Usimpe. Usingoje hata Jumanne. Inuka sasa hivi, nenda kwenye mlango wa chumba cha mwanao aliyekwenda kambi ya Strake, mwitie maneno mawili tu: maneno matano. Sikiliza anavyoitikia. Kisha vaa viatu, ukawaambie wanabodi.