Hodi Kuzimuni

Mvua za mwaka wa sitini na moja zilikuwa zikinyesha pale zimwi lilipoiba sauti ya Sheikhan, mtoto mchanga, akawa analia bila mlio. Dada yake, Mwanakuu, alishuka kisima cha uani, lilikozamia zimwi, na chetezo cha ubani mkononi.

Chini alikuta mlango wa nakshi. "Hodi!" aliita. Mama alimfunza kwamba mgeni aliyebisha hodi hadhuriwi. Nyoka wenye nywele wakampisha. Mlango wa pili, majitu yasiyo na macho yalimnusa, nayo yakampisha. Wa tatu ulikuwa wa zimwi lenyewe.

"Shikamoo. Nimefuata cha kwetu."

"Marahaba. Kijitu hiki, hakiogopi!" Zimwi likacheka. "Mgeni hatoki kwangu mikono mitupu. Lakini naye haji mikono mitupu. Umeniletea nini?"

Mwanakuu akatazama chetezo. Ubani ulikuwa umekwisha, limebaki jivu.

"Basi chukua sauti yangu," alisema, na hayo ndiyo yakawa maneno yake ya mwisho.

Alfajiri Sheikhan alilia mpaka majirani wakaamka.

"Mwanakuu, wamsikia nduguyo?" mama aliuliza, machozi yakimtoka kwa furaha.

Mwanakuu akaitikia kwa kichwa, akambeba mtoto, akamsikiliza.